Riba, Faida na Bei: Mabadiliko ya Maana ya Istilahi za Uchumi wa Kiislamu katika Kiswahili na Athari Zake kwa Fikra za Kisheria

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kundi dogo la maneno ambayo Kiswahili kiliyakopa kutoka Kiarabu katika uwanja wa mali na mikataba, hususan riba, faida, bei, thamani, kima, dhamana, hila na maslahi. Hoja yetu ni kwamba maneno hayo hayakuhamia Kiswahili yakiwa na maana zilezile. Yalisogea kutoka mahali pake, na kila lilipojitenga moja, lingine lilijaza pengo. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya mijadala mikuu ya sheria ya Kiislamu ya uchumi haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili cha leo bila kupoteza kiini chake. Makala yanapendekeza namna ambayo mfasiri na mwanataaluma wanaweza kuliepuka tatizo hilo.

1.0 Utangulizi

Wakati mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili zoezi lililoonekana jepesi. Walitakiwa kufasiri kwa Kiswahili kauli moja fupi kutoka katika maazimio ya mkutano wa wanazuoni uliofanyika Cairo mwaka 1965 chini ya Baraza la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar. Kauli hiyo inahusu kile ambacho Kiarabu cha kisasa hukiita fā'ida, yaani ziada ambayo benki humtoza mkopaji au humlipa mwenye akiba. Azimio linasema kwamba fā'ida ya mikopo ya kila aina ni ribā iliyoharamishwa.

Wanafunzi waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza liliandika kwamba riba ya mikopo ya kila aina ni riba iliyoharamishwa. Kundi la pili liliona kwamba sentensi ya namna hiyo haimwambii msomaji chochote, hivyo likaandika kwamba faida ya mikopo ya kila aina ni riba. Hapo mwanafunzi mmoja akauliza kama mwenye duka anayeuza sukari kwa mkopo na kupata faida naye anakula riba. Swali lake lilikuwa la haki. Tafsiri ya kwanza ilikuwa imeufanya uamuzi wa wanazuoni kuwa marudio matupu ya neno. Ya pili ilikuwa imeharamisha jambo ambalo wanazuoni hao hawakuligusa.

Makala haya yanatokana na zoezi hilo. Hatukusudii kutoa fatwa, kwani hiyo si kazi ya mwanaisimu. Tunakusudia kuonyesha jinsi mfumo wa maana katika lugha unavyoweza kuitangulia hukumu kabla fakihi hajafungua kinywa.

2.0 Maneno matatu, lugha mbili

2.1 Ribā katika matini za mwanzo

Neno ribā linatokana na mzizi r-b-w, wenye maana ya kukua, kuzidi na kuinuka. Mzizi huohuo umezaa neno la Kiarabu la kilima na lile la malezi. Kwa asili yake, basi, neno halina ubaya wowote. Lililoharamishwa si kila ongezeko, bali ongezeko la aina fulani. Kurani inalitaja jambo hili katika sura kadhaa, na mahali penye uzito zaidi ni Sura ya 2, aya ya 275 hadi 281. Hapo wala riba wanatajwa wakidai kwamba uuzaji ni sawa tu na riba, nao wanajibiwa kwamba uuzaji umehalalishwa na riba imeharamishwa. Aya ya 279 inamwachia mkopeshaji rasilimali yake na kutaja kanuni ya pande mbili: asidhulumu wala asidhulumiwe. Aya ya 280 inaagiza mdaiwa aliyekwama apewe muda.

Imamu Malik (aliyefariki 795) anaeleza katika Muwatta desturi ya kabla ya Uislamu: deni lilipowadia, mdai alimtaka mdaiwa ama alipe ama aongeze, na asipolipa, deni lilizidishwa naye akaongezewa muda. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa riba ya kuchelewesha (nasī'a). Hadithi mashuhuri ya bidhaa sita, yaani dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi, iliongeza aina ya pili, riba ya kuzidisha (fadl), ambayo hutokea vitu vya jinsi moja vinapobadilishwa papo kwa papo kwa vipimo visivyolingana.

Kuhusu bidhaa hizo sita mafakihi walihitilafiana sana. Madhahiri walisimama kwenye sita hizo pasipo kuzidisha. Mahanafi walitazama kipimo cha ujazo au uzito. Wamaliki walitazama chakula kikuu kinachoweza kuhifadhiwa. Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, waliona sababu ni chakula kwa upande mmoja, na kuwa kipimo cha thamani kwa upande mwingine. Jambo la kukumbukwa ni kwamba tangu karne za mwanzo neno ribā lilikuwa jina la swali la kisheria ambalo mipaka yake ilikuwa ikijadiliwa.

2.2 Fā'ida na ribh

Kiarabu kina maneno mengine mawili ambayo hayana budi kutofautishwa na hilo. Ribh, kutoka mzizi r-b-h, ni chumo la mfanyabiashara aliyenunua na kuuza. Fā'ida, kutoka mzizi f-y-d, ni manufaa kwa jumla: somo lina fā'ida, dawa ina fā'ida. Benki za mtindo wa Ulaya zilipoingia katika nchi za Kiarabu, fā'ida ndilo neno lililochukuliwa kutaja ziada ya mkopo wa benki, nalo likaingia katika sheria za nchi. Sheria ya Madai ya Misri ya mwaka 1948, kwa mfano, iliitumia istilahi hiyo ilipoweka kiwango cha asilimia 4 kwa madeni ya kiraia na asilimia 5 kwa madeni ya kibiashara pale mdaiwa anapochelewa kulipa.

Kwa kuwa kulikuwa na maneno mawili tofauti, iliwezekana kuuliza swali: je, fā'ida ya benki ni ribā? Azimio la Cairo la 1965 lilijibu kwamba ndiyo. Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Desemba 1985, lilijibu hivyohivyo. Mwaka 1989 Mufti wa Misri, Muhammad Sayyid Tantawi, aliihalalisha faida ya hati za uwekezaji za serikali, na kuzusha mabishano makali. Mwaka 2002 Baraza la Al-Azhar, ambalo wakati huo Tantawi alikuwa ameshakuwa kiongozi wake, lilihalalisha malipo yaliyopangwa kabla kwa wenye akiba. Msomaji anaweza kuunga mkono upande wowote. La msingi kwetu ni kwamba kila upande ulikuwa na neno la kuitajia hoja yake.

2.3 Hali ya Kiswahili

Katika Kiswahili pembetatu hiyo imevunjika. Ribh halikuingia katika matumizi ya kawaida. Nafasi yake ilichukuliwa na faida, ambalo kwetu ni chumo la biashara na pia manufaa kwa jumla. Ziada ya mkopo wa benki nayo iliitwa riba. Matumizi haya yamekita mizizi. Mabango ya benki yanatangaza "riba nafuu", na tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inaendesha sera yake ya fedha kwa kutumia kiwango kinachoitwa rasmi Riba ya Benki Kuu, ambacho kilianza kwa asilimia 5.5.

Ulinganisho wa lugha hizi mbili unaweza kuelezwa hivi: chumo la biashara kwa Kiarabu ni ribh, kwa Kiswahili ni faida, ziada ya benki kwa Kiarabu cha kisasa ni fā'ida, kwa Kiswahili ni riba, ongezeko lililoharamishwa kwa Kiarabu ni ribā, na kwa Kiswahili ni riba vilevile.

Matokeo ni mawili, nayo yanavuta kuelekea pande zinazopingana. Kwanza, swali la Cairo na Jeddah haliwezi kuulizwa kwa Kiswahili cha kawaida, kwa sababu msamiati umekwisha kulijibu: benki inatoza riba, na riba ni haramu. Pili, kwa kuwa watu hao hao husikia neno hilo kila siku katika taarifa za habari bila hukumu yoyote, neno limepoteza makali yake. Mhubiri analitamka kama dhambi kubwa, na mtangazaji analitamka kama kipimo cha uchumi. Hatuwezi kusema kwamba msikilizaji hutenganisha maana hizo mbili kila mara. Pengine huishi nazo zote, kila moja katika saa yake.

3.0 Bei, thamani na kima: falsafa ya ubadilishanaji

Aya ya 275 inalinganisha ribā na bay'. Bay' ni mkataba wa kuuza na kununua. Neno hilo ndilo lililotupa bei, lakini kwetu bei si mkataba tena. Ni kiasi cha fedha kinachotakiwa. Wafasiri wetu hulazimika kutumia "biashara" au "kuuza na kununua". Tafsiri hizo zinaeleweka, ila kitu kimoja hupungua. Wala riba wa aya hiyo walikuwa wakilinganisha mkataba na mkataba: mmoja unaleta ziada, na mwingine unaleta ziada, basi tofauti iko wapi? "Biashara" hutaja shughuli nzima ya mtu, na humfanya msomaji adhani kwamba kinacholinganishwa ni kazi mbili.

Mabadiliko hayo hayakuishia kwenye bei. Katika fikihi, thaman ni kiasi ambacho muuzaji na mnunuzi wamekubaliana, ilhali qīma ni kile ambacho kitu kinastahili sokoni. Tofauti hii ina athari za moja kwa moja: mkataba ukibatilika na kitu kikawa kimekwisha kuharibika, kinacholipwa ni qīma. Kiswahili kimeyachukua maneno yote mawili na kuyasogeza hatua moja kila moja. Bei imechukua kazi ya thaman. Thamani imechukua kazi ya qīma. Na kima, baada ya kunyang'anywa nafasi yake, limebaki na maana ya kiasi au kiwango, kama tunavyosema kima cha chini cha mshahara. Huu ni mfano mzuri wa msukumano wa maana katika uwanja mmoja, ambapo neno moja likihama linalisukuma jirani yake.

Nyuma ya tofauti hizo kuna falsafa. Al-Ghazali (1058–1111), katika Ihya, anaeleza kwamba dhahabu na fedha hazitakiwi kwa ajili ya nafsi zake. Ziliumbwa ziwe hakimu kati ya vitu visivyolingana, ili ngamia na zafarani viweze kupimwa kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo anayeficha fedha ni kama aliyemfunga hakimu gerezani, na anayezifanya kuwa bidhaa ya kuzalisha nyingine ya jinsi yake amezitoa katika kazi zilizoumbiwa. Ghazali anazifananisha na kioo kisicho na rangi kinachoonyesha kila rangi, kisha analeta mfano unaomhusu mwanaisimu moja kwa moja: fedha ni kama harufi katika sarufi, yaani neno kama kihusishi, lisilo na maana ndani yake lakini ambalo kwalo maana za maneno mengine hudhihirika. Kwa maoni yetu huu ni miongoni mwa mifano ya ndani kabisa katika fikra hizi. Kutaka fedha izae fedha ni sawa na kutaka viunganishi peke yake vitunge sentensi.

Ibn Rushd (1126–1198) aliifikia hoja iliyo karibu na hiyo kwa njia nyingine. Katika Bidayat al-Mujtahid anaona kwamba kusudio la katazo ni kuzuia kupunjana, na kwamba haki katika kubadilishana ni kukaribia usawa. Sarafu zilihitajika kwa sababu usawa huo ni mgumu kuupata kati ya vitu vya namna mbalimbali. Yeye aliyekuwa Mmaliki aliiona hoja ya Mahanafi kuwa bora mahali hapa, na akasema hivyo. Kisha al-Maqrizi (1364–1442), aliyeishuhudia njaa ya Misri ya mwanzoni mwa karne ya 15, aliitoa hoja hiyo vitabuni na kuipeleka sokoni. Alilaumu utawala kwa kufurika kwa fulūs, yaani sarafu za shaba, ambazo zilipandisha bei na kuwaumiza wenye vipato vya kudumu. Msomaji wa Kiswahili analijua neno hilo katika umbo la fulusi, ila kwake ni fedha za aina yoyote. Lawama iliyokuwamo imefutika.

Kanuni inayoziunganisha hoja hizi ilitolewa kwa ufupi na mafakihi: manufaa ya kitu huandamana na dhamana yake. Kanuni hiyo, yenye asili katika hadithi, ni kifungu cha 85 cha Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliotolewa kati ya 1869 na 1876. Mwenye kubeba hatari ya kupotea kwa kitu ndiye mwenye haki ya mazao yake. Muuzaji alibeba hatari ya bidhaa kabla ya kuiuza. Mkopeshaji wa fedha hakubeba hatari hiyo, kwa kuwa deni linabaki deni hata mkopaji akifilisika. Katika Kiswahili cha leo dhamana ni jambo la mahakama na polisi, au ni nyumba ambayo benki huishikilia. Imekuwa mzigo wa mkopaji, na wazo kwamba mwenye mtaji ndiye wa kwanza kudhamini halimo tena katika neno.

4.0 Lafudhi, nia na hila: mfano wa Zanzibar

Je, mkataba hupimwa kwa maneno yake au kwa makusudio ya waliofunga? Hili ni swali la semantiki kabla ya kuwa swali la sheria. Kifungu cha 3 cha Majalla kinachagua makusudio na maana. Wamaliki na Mahambali walielekea huko, na kwa hiyo walikataa mauzo ya mzunguko ambapo mtu hununua kitu kwa mkopo kwa bei ya juu na kumrudishia muuzaji huyohuyo papo hapo kwa bei ya chini taslimu. Imamu Shafii (767–820) aliutazama mkataba kwa umbo lake la nje: kama kila uuzaji umetimiza masharti, hakimu hana njia ya kuupasua moyo wa mtu. Vitabu vya ḥiyal, yaani njia za kisheria za kulifikia lengo bila kuvunja katazo, viliandikwa hasa na Mahanafi, akiwemo al-Khassaf (aliyefariki 874). Ibn Taymiyya (1263–1328) na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim (1292–1350) walizishambulia kwa ukali.

Pwani yetu iliujua mjadala huu kwa vitendo. Katika Zanzibar ya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mwenye shamba la mikarafuu aliyehitaji fedha mara nyingi alifunga mkataba wa bay' al-khiyār, uuzaji wenye hiyari. Mkataba wa jamii hiyo ulijulikana Oman, na katika Hadhramaut uliitwa bay' al-'uhda. Mwenye shamba "alimuuzia" mkopeshaji shamba lake, akabaki na hiyari ya kulikomboa kwa kurudisha fedha zilezile katika muda uliowekwa. Wakati huohuo aliendelea kulilima kama mpangaji na kulipa kodi. Kwa lafudhi, hapakuwa na mkopo wala riba. Palikuwa na uuzaji na upangaji, vyote viwili halali. Kwa nia, kodi ilikuwa ziada ya mkopo, na aliyeshindwa kukomboa aliweza kupoteza shamba lenye thamani kubwa kuliko fedha aliyopokea. Wakopeshaji wengi walikuwa wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, na madeni ya wenye mashamba yalikua hadi serikali ya ulinzi ya Kiingereza ikatunga, mwaka 1934, sheria ya kuzuia ardhi kuhama kiholela kutoka mikononi mwao.

Lugha imetoa hukumu yake hapa pia. Kwa Kiarabu cha mafakihi, ḥīla inaweza kuwa halali au haramu. Ni ufumbuzi, ni njia. Kwa Kiswahili hila ni ujanja mbaya tu, na mwenye hila si mtu wa kuaminiwa. Lafudhi, ambalo kwa Imamu Shafii ndilo lililobeba mkataba mzima, kwetu ni namna ya kutamka tu. Nia limebaki na heshima yake yote. Hatudai kwamba mashamba ya Zanzibar ndiyo yaliyosababisha mabadiliko haya, kwani ushahidi wa namna hiyo hatunao. Tunachosema ni kwamba jamii iliyofuata madhehebu ya umbo imezungumza kwa msamiati wa makusudio.

5.0 Maslahi na lengo la sheria

Al-Shatibi wa Granada (aliyefariki 1388) alijenga juu ya kazi ya Ghazali nadharia ya malengo ya sheria: kulinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Neno lake la msingi ni maṣlaḥa, wema wa jumla ambao hukumu huulinda. Mali imo katika orodha hiyo, lakini ni moja kati ya tano, na hulindwa pamoja na nyingine. Sura ya 59, aya ya 7, inatoa sababu ya mgawanyo wa mali kwamba isiwe ni kitu cha kuzunguka baina ya matajiri peke yao. Zaka, mirathi na wakfu ni njia za kuuendeleza mzunguko huo.

Kiswahili kimelipunguza maslahi kwa namna mbili. Tunaposema "maslahi ya walimu" tunakusudia mishahara na marupurupu. Tunaposema kwamba mtu "ana maslahi" katika jambo, tunamshuku kwamba atapendelea upande wake. Wema wa wote umekuwa fungu la kundi, kisha fungu la mtu. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiswahili kwamba sheria inajengwa juu ya maslahi anaweza kuelewa kinyume kabisa cha alichokisema Shatibi.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Suala hili si la vitabuni tu. Tangu Gulf African Bank ilipoanza kazi nchini Kenya mwaka 2008 na Amana Bank nchini Tanzania mwaka 2011, wateja wa kawaida wanafunga mikataba ya murābaḥa, ambapo benki hununua kitu na kumuuzia mteja kwa bei ya juu inayolipwa kidogo kidogo. Ziada hiyo kwa Kiarabu ni ribh, na kwa Kiswahili huitwa faida. Mfasiri anayekuta fā'ida katika matini ya Kiarabu na kuandika "faida" amelitia neno la jambo linalobishaniwa katika chombo cha jambo lililohalalishwa. Msomaji hana njia ya kuligundua kosa hilo, kwa kuwa sentensi inasomeka vizuri.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika maandishi ya kitaaluma na tafsiri za kisheria, malipo ya benki ambayo hukumu yake ndiyo inayojadiliwa yaitwe "ziada ya mkopo". Neno ziada linajulikana na wote na halina hukumu ndani yake. Riba ibaki kuwa jina la kategoria ya kifikihi. Hatutarajii Benki Kuu ibadili msamiati wake, wala si lazima. Kinachotakiwa ni mwandishi kutangaza mwanzoni anatumia neno kwa maana ipi. Pili, bay', thaman na qīma zifasiriwe kwa "mkataba wa kuuza", "bei iliyokubaliwa" na "thamani ya sokoni", wala zisiachiwe vizazi vyake vya Kiswahili kwa sababu tu vinafanana kwa sauti. Tatu, kamusi za istilahi zionyeshe maana ya kifikihi kando ya maana ya kawaida kwa maneno kama dhamana, hila na maslahi.

Kufanana kwa maneno ya lugha mbili kumetufanya tudhani kwamba uwanja huu hauhitaji mfasiri. Kwa maoni yetu, ni hapa ambapo mfasiri anahitajika zaidi, kwa sababu neno geni kabisa humfanya msomaji asite na kuuliza, lakini neno lililobadilika kimyakimya humpitisha bila swali. Zoezi lile nimeendelea kulitoa kila mwaka. Siku hizi ninawaomba wanafunzi waandike kwanza, kwa maneno yao, ni jambo gani hasa ambalo wanazuoni wa Cairo walikuwa wakiliamua. Ndipo watafute neno.